Wi-Fi ya iPhone kujiwasha asubuhi
Ukizima Wi-Fi usiku na asubuhi ukaikuta imejiwasha, simu haina ubovu. Tangu iOS 11 (toleo la 2017 la mfumo wa iPhone), ukigusa alama ya Wi-Fi kwenye paneli ya kuvuta (Control Center) unakata muunganisho tu, hauzimi Wi-Fi yenyewe. Inabaki hewani kwa ajili ya AirDrop (kutumiana faili) na saa ya Apple Watch, kisha inajiunganisha tena ikifika saa 11 alfajiri, ukihamia eneo jingine au ukizima na kuwasha simu. Apple wenyewe wameeleza hivyo kwenye kurasa zao za msaada. Kuizima kabisa: Settings > Wi-Fi, zima swichi pale. Ukirudi kwenye paneli utaona alama imepigwa mstari; ikiwa nyeupe bila mstari, bado iko hewani. Bluetooth nayo huzimwa kabisa kwenye Settings. Kwangu, mwenye simu akigusa kuzima, izime.