Choo cheusi usikipe siku ya tatu: vidonge vya mgongo vilivyonilaza wodini

Mkuu, umesema una wiki mbili unameza vidonge vya maumivu ya mgongo, chembe ya moyo inawaka, na tangu juzi choo kimekuwa cheusi. Unauliza kama uongeze dawa ya kupunguza asidi usubiri, au uende hospitali. Naona wengi wamekuambia unywe maziwa upumzike. Mimi nililazwa siku tano kwa dalili hizo hizo, na nyumbani nilitoka bila hata mswaki.

Kwangu pia ilianzia mgongoni. Nilikuwa najinunulia diklofenaki duka la dawa, asubuhi kimoja, jioni kimoja, na mgongo ukikaza naongeza ibuprofeni. Kumbe hizo ni ukoo mmoja, ukizichanganya unajiumiza mara mbili. Usiku tumbo likaanza kuungua, nikasema gesi. Choo kilipobadilika rangi nikasingizia chakula cha jana, na kesho yake nikasingizia cha juzi. Siku ya tatu nainuka chooni, masikio yakavuma, nikajikuta nimekaa sakafuni jasho la baridi linanitoka. Mke wangu alinishika mkono, akaugeuza. "Mbona viganja vimekuwa vyeupe hivi?"

Nesi wa dharura alinipima nikiwa nimelala, akaniambia nikae, akapima tena. Mapigo yalipanda kutoka 98 hadi 124. Aliacha kuandika, akaenda kumwita dokta. Dokta mwenyewe kijana, akaniita mzee (nina miaka 41, ila sikuwa na nguvu ya kubishana), akauliza: "Choo kinanata kama lami? Kinanuka kuliko kawaida?" Nikamwambia ndiyo. Kisha akavaa glovu, na hapo sisimulii zaidi. Wanaume wenzangu, ni sekunde chache tu, zisikufanye ufiche dalili.

Wingi wa damu (himoglobini) ulikuwa 6.4, wakati mwanaume anatakiwa walau 13. Dokta akanifafanulia kwamba damu ikivuja juu huko tumboni humeng'enywa njiani, ndiyo maana hutoka nyeusi wakati wewe unasubiri kuona nyekundu. Ni kweli vidonge vya madini ya chuma navyo huleta choo cheusi. Lakini wewe hujasema unavitumia, na kizunguzungu ulichokitaja mwishoni kama jambo dogo hakitokani navyo.

Niliongezewa mifuko miwili. Ule wa kwanza ulikuwa wa baridi, nikawa nausikia ukipanda mkononi, damu ya mtu nisiyemjua na sitamjua.

Kesho yake ikawa zamu ya kamera ya kuangalia tumbo kwa ndani, kitu ambacho watu wanakiogopa kuliko ugonjwa. Unakaa bila kula, unapulizwa ganzi chungu kooni mpaka hujui kama umemeza au la, unalazwa ubavu wa kushoto, unang'ata kidude cha plastiki, halafu mpira wa unene wa kidole cha mwisho unapita. Maumivu hakuna. Nilibeua kwa sauti ya aibu, machozi yakanitoka, basi. Wakakuta kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo na mshipa umechungulia, wakachoma sindano ya adrenalini hapo hapo na kuubana kwa klipu. Walinibakiza kwa sababu siku 3 za kwanza ndizo kidonda hupenda kuvuja tena.

Walichukua na kipande kidogo cha nyama ya tumbo wakakipima, wakakuta bakteria H. pylori. Zamani vidonda vilisingiziwa mawazo na pilipili, mpaka Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walipoonyesha kazi ya mdudu huyu. Marshall alifika mahali akamnywa mwenyewe, akaugua tumbo. Walipewa Nobeli mwaka 2005. Mimi nilipewa dawa siku 14, antibayotiki mbili na ya asidi, na mdomo muda wote ulikuwa kama nimenyonya sarafu. Ukimaliza dozi subiri wiki 4 ndipo upime kama ameondoka, kwa choo au kwa kupuliza pumzi. Kipimo cha damu kitakudanganya, kinaweza kuonyesha yupo muda mrefu baada ya kupona.

Sasa nije kwa mdau aliyekushauri uchome sindano ya diklofenaki "kwa kuwa haipiti tumboni." Ndugu yangu, hapana. Dawa hizi huharibu tumbo hasa kwa kupunguza kemikali inayolinda ukuta wake, na huko zinafika kwa njia ya damu. Umeze, uchome au uweke njia ya haja kubwa, zinafika tu. Mgongo wangu siku hizi unapewa parasetamo na mazoezi. Unalalamika, lakini tunaelewana.

Kwa hiyo mkuu, acha hivyo vidonge sasa hivi, na uende hospitali leo, hata kama ni usiku. Usiendeshe gari mwenyewe, na kwa hali hiyo pikipiki ndiyo usiiguse kabisa. Usile wala usinywe chochote njiani, huenda wakataka kuingiza kamera. Beba pakiti za dawa zote ulizotumia, na ukifika dirishani usiseme "tumbo linauma," utakaa kwenye foleni. Sema choo ni cheusi kama lami na nasikia kizunguzungu.