Kigari cha kayaki kinazama mchangani

SWALI: Shikamoo fundi. Nakodisha kayaki mbili hapa Jambiani, Unguja, zile za plastiki za kukalia juu, watu wawili wawili. Siku za bamvu maji yanakupwa mbali, nasi tunaziburuta mpaka matumbo yamechakaa. Nimeunda kigari kwa magurudumu ya baiskeli, kinazama. Ninunue cha dukani au niunde kingine?
Kijana wa Jambiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Baiskeli ilinidanganya na mimi. Kwenye mchanga uliolowa inakwenda vizuri, ukifika ule mkavu chini ya minazi inakata kama kisu. Mchanga unataka tairi pana, tena laini, linalojilaza.

Unda kingine. Tafuta magurudumu mawili ya toroli la ujenzi, tairi zake zimeandikwa 4.00-8. Punguza upepo mpaka ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea. Fundi wa pancha atakushangaa, mwache. Yapo magurudumu ya puto, manene na laini, yanayotoka nchi za nje, na kwa mchanga mkavu yanalishinda la toroli, sikufichi. Ila likipasuka, hapo Jambiani nani atakuzibia?

Sasa beringi. Kwenye kigari changu cha kwanza cha magurudumu ya toroli niliziacha zile za chuma. Wiki ya tatu chumvi ilikwishazila, gurudumu moja likagoma, nikawa navuta kayaki kama ng'ombe wa plau huku mgeni ananipiga picha. Zing'oe zote. Mwombe fundi akukerezee bushi za nailoni, yaani vibomba vya kukaa mahali pa beringi, ekseli iwe bomba la stenlesi. Wala usipake grisi, itakusanya mchanga tu.

Kitanda chake ni mbao mbili zilizochongwa kufuata tumbo la kayaki. Zivishe vipande vya kandambili kuukuu, kisha funga kwa mipira ya tyubu. Vile vya dukani vyenye nguzo mbili za kuingia kwenye matundu ya kutolea maji sivipendi. Uzito wote unakaa kwenye midomo ya matundu mawili, na plastiki ikipasuka pale, maji yanaingia ndani ya kayaki.

Kigari kiweke karibu na katikati ya kayaki, nyuma kidogo, ili pua ibaki na uzito mdogo tu mkononi mwako. Wengi wanakiweka mkiani, halafu wanalalamika mgongo: nusu ya kayaki wanaibeba wenyewe! Na vuta, usisukume. Ukisukuma, magurudumu yanajichimbia.

Ukishuka nacho majini, zunguka mashamba ya mwani hata kama njia inarefuka. Tairi likipita juu ya zile kamba zilizofungwa mwani, kina mama watakusema mpaka Idi, na watakuwa na haki.

Jioni kimwagie maji baridi, yasiyo ya chumvi, kwenye bushi kabla hujaenda kula.