Nani mfalme wa homurani? Majibu kwa wasomaji wa besiboli

Maswali ya juma hili yote yanahusu besiboli ya kulipwa, na karibu yote yanagusa rekodi moja, yaani idadi ya homurani ambazo mchezaji hujikusanyia tangu anapoingia ligi hadi anapostaafu. Nimeyafupisha bila kubadili maana.

Mwanangu amejifunza besiboli shuleni hapa Dar es Salaam na kila jioni ananitajia namba 762. Homurani ni nini hasa, na namba hiyo ni ya nani? (Mzazi, Ilala)

Mzazi mwenzangu, homurani ni mpigo unaomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vitatu na kurudi nyumbani, pale aliposimama na gongo lake, kwa mpigo huo huo mmoja na bila wapinzani kufanya kosa. Siku hizi karibu zote hupatikana kwa mpira kuvuka uzio ukiwa bado hewani, kati ya mistari miwili ya pembeni, na uzio wenyewe katika viwanja vingi uko takribani mita 100 pembeni na mita 120 katikati. Mpira ukidunda uwanjani kwanza ndipo ukavuka, mpigaji hupewa vituo viwili tu, ingawa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 hata huo uliodunda ulihesabiwa.

Namba 762 ni ya Barry Bonds, aliyechezea Pittsburgh Pirates na baadaye San Francisco Giants kuanzia 1986 hadi 2007. Anayemfuata ni Hank Aaron mwenye 755, kisha Babe Ruth mwenye 714, kisha Albert Pujols wa Jamhuri ya Dominika mwenye 703, na hao wanne ndio pekee waliovuka 700 katika Ligi Kuu ya Marekani. Alex Rodriguez aliishia 696, kama dereva aliyeishiwa mafuta huku taa za mji zikionekana.

Mwanao akikubishia, mwulize kama anajua kwamba hesabu hii ni ya msimu wa kawaida peke yake. Ruth alipiga homurani 15 katika fainali za ubingwa, na hata moja haimo ndani ya zile 714.

Ninafanya kazi ghalani hapa Minneapolis na wazee wawili ambao hawataki kulisikia jina la Bonds. Kwao mfalme ni Aaron. Rasmi ni nani?

Rasmi ni Bonds, na kumbukumbu za Ligi Kuu hazina kinyota wala maelezo ya pembeni yanayompunguzia chochote. Hata hivyo wenzako hawaropoki. Hadi mwaka 2000 Bonds hakuwahi kuvuka homurani 49 kwa msimu. Mwaka 2001, akiwa anatimiza miaka 37, umri ambao wapigaji wengi huwa wameanza kuchoka, alipiga 73, na hiyo ndiyo rekodi ya msimu mmoja hadi leo. Mwaka 2003 aliitwa mbele ya baraza la mahakama lililokuwa likichunguza maabara moja ya California iliyowagawia wanamichezo dawa za kuongeza nguvu, akasema kwamba vitu alivyopewa na mkufunzi wake alividhania kuwa mafuta ya mbegu za kitani na dawa ya kupaka kwa ajili ya maumivu ya viungo. Mwaka 2011 alipatikana na hatia moja ya kuzuia haki isitendeke, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Waandishi wanaopiga kura ya kuwaingiza wachezaji katika Jumba la Magwiji huko Cooperstown walimnyima nafasi kwa miaka kumi mfululizo: mwaka wake wa mwisho, 2022, alipata asilimia 66, na zinazohitajika ni 75.

Mpira wenyewe wa homurani ya 756, alioupiga San Francisco tarehe 7 Agosti 2007 na kumpita Aaron, una kisa chake. Mbunifu wa mavazi Marc Ecko aliununua mnadani kwa zaidi ya dola 750,000, kisha akawaomba watu wapige kura kwenye intaneti kama upelekwe makumbusho ulivyo, utiwe alama ya kinyota, au urushwe angani kwa roketi. Kinyota kikashinda. Leo mpira huo uko Cooperstown ukiwa na alama hiyo kwenye ngozi yake, kwa hiyo kinyota ambacho ligi ilikataa kukiandika kwenye vitabu kimebandikwa kwenye mpira na umma.

Maoni yangu, kwa kuwa umeyataka, ni kwamba 762 ibaki ilivyo. Homurani haisimami peke yake kama medali ambayo mtu anaweza kuvuliwa shingoni. Kila moja ilileta alama katika mchezo fulani, timu fulani ikashinda na nyingine ikashindwa, na matokeo ya michezo hiyo hakuna aliyeyafuta. Isitoshe, ligi ilianza kuwaadhibu wanaokutwa na dawa hizo mwaka 2004 tu, na miongoni mwa waliozitumia walikuwamo warushaji pia, yaani wale wanaomrushia mpigaji mpira. Wakumbushe wenzako kwamba usiku ule wa 2007 Aaron mwenyewe alitokea kwenye skrini kubwa ya uwanja, kwa ujumbe uliorekodiwa, akimpongeza Bonds.

Ni kweli Aaron alitishiwa kuuawa kwa sababu ya mchezo tu? (Mwanafunzi, Mombasa)

Ni kweli, na ningependa ulisome jibu hili polepole. Aaron alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1934, mwana wa familia maskini ya watu weusi katika jimbo lililotenganisha watu kwa rangi kuanzia shuleni hadi kwenye mabasi. Mwaka 1952 alichezea Indianapolis Clowns, timu ya weusi, na mwaka 1954 akaingia Ligi Kuu na Braves wa Milwaukee, timu ambayo mwaka 1966 ilihamia Atlanta, katika Kusini ile ile aliyoikimbia. Alimaliza msimu wa 1973 akiwa na umri wa miaka 39 na homurani 713, moja tu nyuma ya Ruth, na kwa sababu msimu ulikuwa umekwisha, ilimbidi angoje majira yote ya baridi.

Katika kungoja huko ziliingia barua. Katika mwaka huo alipokea takribani 930,000, na ingawa nyingi zilikuwa za kumtia moyo, nyingine zilimtukana kwa rangi yake, na baadhi zilitaja siku na uwanja ambao angepigwa risasi iwapo angethubutu kumpita mzungu aliyependwa kuliko wachezaji wote. Binti yake aliyekuwa chuoni aliwekewa ulinzi. Aaron mwenyewe alitembea na askari kanzu na kulala mbali na wenzake wa timu.

Tarehe 4 Aprili 1974, huko Cincinnati, alimfikia Ruth. Siku nne baadaye, mbele ya watazamaji 53,775 mjini Atlanta, alisimama dhidi ya Al Downing wa Dodgers, mrushaji ambaye kwa bahati alivaa jezi namba 44 sawa na yake. Katika zamu ya nne ya mchezo mpira uliruka juu ya uzio wa kushoto na kuangukia pale warushaji wa akiba wanapopashia misuli, na mmoja wao, Tom House, akaudaka na kukimbia nao hadi nyumbani ili amkabidhi mwenyewe. Wakati huo Aaron alikuwa bado anazunguka vituo, na kati ya cha pili na cha tatu vijana wawili wa kizungu walichomoka jukwaani na kumkimbilia. Askari aliyemlinda alikuwa na bastola ndani ya mkoba wa darubini, naye alikuwa na sekunde chache za kuamua. Hakuitoa. Vijana wale walimpigapiga Aaron mgongoni kwa furaha, wakaachana naye, na alipofika nyumbani mama yake alikuwa tayari ameingia uwanjani, akamkumbatia na kumng'ang'ania.

Aaron hakuwahi kufikisha homurani 50 katika msimu wowote. Mwaka wake mkubwa kuliko yote, 1971, alipiga 47. Zile 755 alizipata kwa kwenda kazini miaka 23, na ndiyo sababu, nikilazimishwa kuchagua namba moja ya kuheshimu kuliko nyingine zote, huichagua yake.

Rafiki yangu Mjapani anasema rekodi ya dunia ni 868. Ananitania? (Msomaji, Muscat)

Hakutanii. Sadaharu Oh alipiga homurani 868 akiwa na Yomiuri Giants wa Tokyo kuanzia 1959 hadi 1980, na hakuna mchezaji wa ligi ya kulipwa ya ngazi ya juu popote anayekaribia hapo. Baba yake alikuwa Mchina. Mwanzoni Oh alisumbuliwa na mwendo wa mwili wake, akawa anaupiga mpira akiwa amechelewa, hadi mkufunzi wake Hiroshi Arakawa alipomfundisha kusimama kwa mguu mmoja kama korongo, goti la kulia likiwa limeinuliwa hadi karibu na kiuno, na kumfanyisha mazoezi ya kukata karatasi iliyoning'inizwa kwa upanga wa kijapani. Karatasi iliyoning'inia haina ubishi: ukiipiga kwa nguvu bila mstari ulionyooka, inayumba tu. Baada ya hapo aliongoza ligi yake kwa homurani miaka 13 mfululizo.

Wamarekani husema kwamba uwanja wake wa Korakuen ulikuwa mdogo na warushaji wa Japani walikuwa dhaifu kuliko wao. La uwanja lina ukweli. Lakini msimu wa Japani ulikuwa wa michezo 130 au 140, ilhali wa Marekani ni 162, kwa hiyo Oh alizipata 868 kwa nafasi chache zaidi kila mwaka. Mwaka 1974 Aaron alikwenda Tokyo kushindana naye kwa kupiga homurani za maonyesho, na Aaron akashinda 10 kwa 9. Ligi mbili, vitabu viwili. Ukisema "rekodi ya Ligi Kuu ya Marekani" na yeye akasema "rekodi ya dunia", hakuna atakayekuwa amekosea.

Nimesikia kuna mchezaji mweusi aliyepiga karibu 800 kabla ya wote hao. Mbona hayumo kwenye orodha? (Msomaji, Nairobi)

Unamzungumzia Josh Gibson, mdakaji (yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira) wa timu za weusi za Pittsburgh na viunga vyake katika miaka ya 1930 na 1940. Kibao chake cha Cooperstown kinataja karibu homurani 800, lakini hesabu hiyo inachanganya michezo ya ligi na ile mingi ya kuzunguka mji hadi mji, ambako timu hizo zilicheza na yeyote aliyekubali kwa sababu ligi ya weusi haikuwa na ratiba ndefu ya kuwalisha wachezaji. Desemba 2020 Ligi Kuu ilikubali kwamba ligi saba za weusi za 1920 hadi 1948 zilikuwa na hadhi sawa na yake, na mwaka 2024 takwimu za ligi hizo zikaingizwa rasmi. Gibson akawa kinara wa muda wote wa wastani wa upigaji, yaani sehemu ya majaribio yake ya kupiga yaliyomfikisha kituoni kwa mpigo wake, kwa 0.372, akimshusha Ty Cobb aliyekuwa akiongoza. Homurani zake zilizokubaliwa, hata hivyo, hazifiki 200, kwa kuwa huhesabiwa michezo ya ligi yenye kumbukumbu pekee.

Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye Jackie Robinson aliingia Ligi Kuu, mchezaji mweusi wa kwanza humo katika zama hizo. Ndiyo maana ninaposikia Ruth akiitwa mpigaji asiye na mfano, huongeza moyoni kwamba katika ligi yake hakuwahi kurushiwa mpira na mtu mweusi hata mmoja.

Ruth aliwaachaje wenzake mbali hivyo? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa kiasi, wenzake hawakuwa wakijaribu. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Roger Connor, homurani 138, na besiboli ya wakati huo ilikuwa ya kuupitisha mpira chini na kukimbia. Mpira mmoja ulitumika hadi ukalegea na kuwa mweusi kwa matope na mate ya warushaji. Kuanzia 1920 mate yalipigwa marufuku kwa warushaji wapya, na baada ya mchezaji Ray Chapman kufariki Agosti mwaka huo kwa kupigwa kichwani na mpira, waamuzi walianza kutoa mipira mipya myeupe mara kwa mara. Ruth, aliyekuwa ametoka Boston ambako alianza kama mrushaji, alipiga 54 mwaka huo kwa Yankees, zaidi ya timu nzima yoyote nyingine katika Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Mwaka uliofuata akampita Connor.

Kuna atakayeivunja 762? (Wasomaji kadhaa)

Piga hesabu: homurani 38 kila msimu kwa misimu 20 ni 760, na bado hazitoshi. Warushaji wa leo hurusha kwa kasi kuliko wa zamani na hubadilishwa kabla hawajachoka, na mchezaji anayekosa msimu mmoja kwa jeraha anadaiwa 38 za ziada mahali fulani. Pujols alianza mwaka 2001 akiwa na miaka 21, akacheza misimu 22, akaondoka akiwa na miaka 42, na siku anaondoka alikuwa amepungukiwa na homurani 59.