Wasomaji Wanauliza: Udhanaishi si Majonzi

SWALI: Tulipewa kazi ya kuonyesha udhanaishi katika riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi. Niliandika kwamba Kazimoto, mhusika mkuu, amekata tamaa na mwishowe anajiua. Mwalimu amenirudishia karatasi na maneno haya: "Hujagusa falsafa." Nimekosea wapi? – Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mwanza

JIBU: Umechukua majonzi ukayaita falsafa. Wahusika waliokata tamaa wamejaa hata katika michezo ya redio. Udhanaishi ni hoja inayokaa nyuma ya majonzi hayo. Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre aliieleza katika mhadhara wake wa Paris, Oktoba 1945: kisu hutengenezwa kwa kazi ambayo fundi ameshaifikiria, lakini mtu huwapo kwanza, kisha hujiunda mwenyewe kwa yale anayoyachagua. Kwa hiyo hana wa kumsingizia.

Irudie riwaya ukiwa na kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa moja, piga mstari kila Kazimoto anapochagua jambo. Kwa nyingine, piga mstari kila anapomtwika mwingine lawama: Mungu, ukoo, shule, bahati. Rangi hizo mbili zinapokaribiana, hapo ndipo penye aya zako. Sehemu tatu zilizochambuliwa na kunukuliwa vizuri zinatosha. Matukio kumi yaliyotajwa juu juu ni muhtasari wa hadithi tu, na hapo ndipo wengi huangukia.

Kosa jingine la wengi ni kumtaja mwandishi Mfaransa Albert Camus kana kwamba anaunga mkono kifo cha Kazimoto. Kwanza, mwenyewe alikataa kuitwa mdhanaishi. Pili, insha yake ya 1942 juu ya Sisyphus, mtu wa ngano za Kigiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele, inauliza kama inafaa kuishi maisha yasiyo na maana, na jibu lake ni kukataa kujiua. Jiwe likishaporomoka, Sisyphus hushuka kulifuata. Kazimoto halifuati. Andika hivyo: riwaya hii ya 1974 inabishana na wanafikra wa Paris, haikuwanakili. Kazimoto ni kijana msomi aliyeng'oka kijijini bila kushika mizizi kwingine, na mzigo huo Camus hakuwa nao kwa sura hiyo. Insha yenye ubishi huu ina uzito kuliko ile inayoorodhesha "sifa za udhanaishi".

SWALI: Naandika hadithi fupi kwa mtiririko wa fikra, yaani mawazo ya mhusika jinsi yanavyopita kichwani, kama wanausasa wa Ulaya, waandishi wa mwanzoni mwa karne ya 20. Nimewatumia aya moja. Rafiki yangu anasema inasomeka kama taarifa ya polisi. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni vitenzi. Aya uliyotutumia ina -ka- kumi na moja: akaamka, akakumbuka, akalia. Kiambishi hicho hupanga matukio foleni, na fikra hazipangi foleni. Punguza -ka- ibaki pale tu mwili unapotenda jambo. Futa kila "alifikiri kwamba" na "alikumbuka kuwa". Ndani ya kichwa tumia -na-, -me- na vipande visivyo na kitenzi: "Chai imepoa. Mama naye. Kile kiti." Kila mruko uwe na ndoana, yaani harufu, sauti au neno linalovuta jingine, bila ndoana msomaji ataona fujo tu.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Kiambishi a- hakitofautishi mume na mke, kwa hiyo watu wawili wakiingia katika kumbukumbu moja, "alisema" ni la nani? Taja jina au cheo cha ukoo kila sentensi tatu au nne, au mfanye mwenye fikra kuwa ni-, yaani nafsi ya kwanza. Wala usifute nukta zote. Mwandishi wa Ireland James Joyce alizifuta karibu zote katika sura ya mwisho ya riwaya yake Ulysses (1922), baada ya mamia ya kurasa za kumzoesha msomaji watu wake. Hadithi ya kurasa nne haina mtaji huo.

SWALI: Je, shairi huru halina sheria? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Linayo, ila hairithiwi. Katika tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, vina na mizani 16 ya kila mshororo, nane kwa nane, hushikilia shairi hata wazo likiwa dhaifu. Ukiviacha, kama Kezilahabi alivyofanya katika diwani yake Kichomi (1974) na kuzidisha ugomvi na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, kitu kingine lazima kishike: takriri (maneno yanayorudiwa), taswira moja inayokua, au mahali unapoukata mstari. Jipime hivi: liandike shairi lako kama aya ya kawaida. Lisipopoteza chochote, lilikuwa nathari tangu mwanzo.