Jibu: Nibaki Ujerumani au nirudi Dodoma?

Habari ndugu, na hongera sana kwa kumaliza udaktari wako (PhD). Kama nimekuelewa, una mkataba wa utafiti wa miaka 2 huko Freiburg, nafasi ya uhadhiri inakusubiri Dodoma, na mkeo na watoto wako Morogoro.

Kabla ya mshahara, angalia familia itakaa wapi. Mimi nilisaini mkataba kwanza, huko Göttingen, Ujerumani, nikasema familia itanifuata. Mwenza akiwa Tanzania, mshahara wako unakatwa kodi ya mapato kwa daraja la I, sawa na mseja. Dhamana ya nyumba ya kupanga inaweza kufika pango la miezi 3, kabla ya gharama za kupasha joto. Watoto walikuja baada ya miezi 11. Mdogo alisimama mlangoni uwanja wa ndege ameshika sketi ya mama yake, akaniamkia kama mgeni. Hilo bado linaniuma.

Pili, muulize mwajiri wa Dodoma kwa maandishi: watakushikia nafasi? Ahadi ya simu haitoshi, wakuu wa idara hubadilika. Na ukumbuke vyuo vya Ujerumani vina kikomo, kwa kawaida miaka 6 ya mikataba ya muda baada ya udaktari, kwa hiyo miaka 2 ni kipande kikubwa.

Usiwe na haraka. Aliyehitimu Ujerumani anaweza kuomba kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi.

Kama mkeo ana kazi asiyotaka kuiacha, hapo siwezi kukuamulia. Kaa naye kwanza, ndipo umjibu profesa.