Dalili zikariri, lakini mtu naye umsikilize

Mdogo wangu, umeuliza utasomaje skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, bila wagonjwa kugeuka orodha ya dalili. Orodha ikariri tu, utaihitaji: DSM-5 ya 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, inataka dalili 2 au zaidi kati ya 5 kwa sehemu kubwa ya mwezi mmoja, angalau moja iwe imani potofu, kusikia au kuona visivyokuwepo, au maneno yasiyoshikana, na athari za ugonjwa zidumu angalau miezi 6.

Ila kitabu hakitakuambia hizo sauti zinamwambia mgonjwa nini. Muulize. Mmoja hutukanwa usiku kucha, mwingine humsikia marehemu mama yake akimwita. Kwenye fomu wanapata alama ileile, na hofu zao haziko sawa kabisa.

Akiacha dawa, usikimbilie kuandika "mkaidi". Haloperidoli, mojawapo ya dawa za ugonjwa huu, huweza kukaza misuli na kutetemesha mikono. Fundi cherehani asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano ana sababu nzito ya kuiacha, na daktari akiisikia anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Na anayemuuguza nyumbani muulize kama analala.