Maswali na majibu: santuri za exotica (muziki wa ala unaoiga mandhari ya visiwa vya tropiki) na mashine za kuzichezea

Swali: Nina nakala mbili za Exotica, albamu ya mpiga piano Martin Denny, moja ya mono (sauti ya njia moja) na nyingine ya stirio (sauti ya njia mbili), lakini hazilii sawa. Je, mojawapo ni bandia?

Jibu: La, zote mbili ni halali, ila ni rekodi mbili tofauti. Ya mono ilitoka mwaka 1957, na humo anayepiga vibrafoni (ala ya vibao vya chuma) ni Arthur Lyman. Stirio iliposhika soko, Denny alirudi studio mwaka 1958 akazirekodi upya nyimbo zilezile, na kwa kuwa Lyman alikuwa amekwisha kuondoka kuunda kundi lake, nafasi yake ilishikwa na Julius Wechter. Ya stirio inafurahisha, hasa milio ya ndege ya Augie Colon, lakini mimi hurudia ile ya mono kwa sababu ya mkono wa Lyman.

Swali: Santuri zangu za mono hukwaruza sana. Ninunue amplifaya mpya?

Jibu: Usinunue chochote kwanza. Katika mfereji wa mono muziki husukuma sindano kushoto na kulia tu, ilhali katriji ya stirio (kifaa kinachoshika sindano) hunasa pia mtikisiko wa juu na chini, ambako hakuna muziki ila vumbi na michubuko. Ukibonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya, njia mbili huunganishwa, mtikisiko huo hujifuta wenyewe, na muziki hubaki. Nimeona santuri iliyokuwa ikichachatika kama mafuta ya kukaangia ikitulia papo hapo. Kelele ikibaki, jaribu sindano yenye ncha ya maikroni 25, ambayo hukaa juu zaidi mferejini kuliko ile ya 18, na huenda ikagusa ukuta usiolika.

Swali: Ngoma zinaruka kutoka spika moja hadi nyingine. Kuna hitilafu?

Jibu: Hakuna. Santuri kama Persuasive Percussion ya Enoch Light, ya mwaka 1959, zilitengenezwa makusudi ili kutamba na stirio.

Swali: Nizisafishe kwa spiriti?

Jibu: Za shelaki (utomvu mgumu), zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, kamwe, kwa kuwa spiriti huyeyusha shelaki yenyewe. Za vinili (plastiki) zioshe kwa maji yasiyo na chumvichumvi na tone la sabuni, brashi laini ikifuata mzunguko wa mifereji, bila kulowesha lebo. Zikikauka, zitie katika mfuko mpya wa ndani. Ule wa zamani bado una vumbi lilelile uliloliosha.